MUSUMENO WA UMEME HAUNA MUCHEZO



Tangu muhula huu uanze atelie ya shule iko na musumeno wa umeme wenye munyororo, na tangu siku ya kwanza maulizo hayajaisha. Juu ya nini fundi anafukuza watu wanaosimama pale mulangoni kuangalia? Juu ya nini siku ya salongo wanafunzi wa humanite wanapewa shoka, lakini musumeno hapana, wakati shoka nalo linakata? Wengine wamesema mbele yetu: « Hii ni kamashini ka batoto, hakana hata kelele. Ile ya esanse njo ya kuogopa. » Basi tulikwenda kuuliza fundi, tukauliza tena mwalimu wa fizike, tukasoma na kitabu kilichokuja pamoja na mashini. Haya ndiyo tuliyopata.

Kwanza, musumeno wa umeme si mutoto wa ule wa esanse. Andreas Stihl, Mudachi wa Stuttgart, alianza na ule wa umeme katika mwaka 1926, nao ulishikwa na watu 2. Mwaka 1927 Mudachi mwingine, Emil Lerp, alijaribu wake wa esanse juu ya mulima unaoitwa Dolmar. Lakini meno ya siku zile yalikwaruza tu kama meno ya musumeno wa mukono, yakachoka upesi. Katika mwaka 1946 mukata-miti wa Oregon, kule Marekani, jina lake Joseph Cox, aliona funza anakula ndani ya kisiki. Taya zake zilikata kushoto, kisha kuume, naye akapita katika mbao pasipo kukwama. Cox akatengeneza munyororo wa ginsi ile, na mwaka 1947 ulianza kuuzwa. (Wale wa biolojia wafurahi: funza alifundisha mutu.) Ukiangalia munyororo wetu utaona jino moja limepinda kushoto na linalofuata kuume, na mbele ya kila jino kuko kachuma kadogo kanachopima kiasi gani jino liingie katika muti. Munyororo wa esanse na wa umeme ni wa namna moja. Hauulizi nguvu inatoka katika esanse ao katika waya.

Tupime mwendo wake. Munyororo wa mashini kama hii unakimbia karibu metre 12 kwa segonde moja. Zidisha kwa 3,6, utapata kilometre 43 kwa saa. Sasa, mutu akishituka, mukono wake unachelewa karibu 0,2 ya segonde mbele ya kufanya kitu. Katika muda ule munyororo umekwisha kupita metre 2 na zaidi, na kila jino linalopita linaondoa kipande. Kwa hiyo asiseme mutu: « Miye niko mwepesi, nitaiachia palepale. » Hakuna mwepesi kiasi kile.

Tuje kwa kelele. Musumeno wa esanse unanguruma hata saa unapumzika, na kila mutu aliye karibu anajua ya kama uko hai. Ule wa umeme, ukiwa umetiwa katika prizi, unanyamaza kabisa kama kitu kilichokufa, lakini kidole kimoja kinatosha kuuamusha. Na ukiamuka haupandi polepole: motere ya umeme inatoa nguvu nyingi tangu muzunguko wa kwanza. Ukiachia butoni vilevile, munyororo unaweza kuendelea kuzunguka kidogo mbele ya kusimama. Sisi tunaona ya kama kule kunyamaza ndiko kunakodanganya watu, maana wanapima hatari kwa sikio.

KURUKA

Jambo ambalo fundi alilirudilia mara nyingi kupita yote ni kuruka kwa musumeno. Kile chuma kirefu kinachobeba munyororo tukiite ulimi. Juu ya ulimi munyororo unakimbia kwenda mbele, unazunguka ncha, kisha unarudi chini yake kwa mwenye kushika. Ukikata na upande wa chini, musumeno unavutwa katika muti, mbali na wewe, na hiyo ni kazi yake ya kawaida. Ukikata na upande wa juu, unakusukuma nyuma. Lakini ukigusa muti, tawi, hata kakuni kadogo, na sehemu ya juu ya ncha, meno yanakamata pasipo kuweza kupita. Nguvu yote iliyokuwa inavuta munyororo inageuka na kurusha ulimi juu na nyuma, kwenye uso na shingo ya mwenye kuushika. Jambo hili linakwisha kwa muda mufupi kupita ule wa kushituka. Mutu anajua limepita, hajui linakuja.

Mara nyingi si ule muti anaoukata unaofanya hivi. Ni kingine kilichojificha nyuma yake, ambacho ncha inakigusa pasipo yeye kuona. Kwa hiyo mbele ya kukata, ondoa matawi na kuni zilizo nyuma, na kila mara ujue ncha iko wapi, kama vile shofere anavyojua mwisho wa kamio yake.

Ginsi ya kushika inatokana na jambo lile. Mukono wa kushoto mbele, wa kuume nyuma, na kidole gumba cha kushoto kizunguke mushikio, kisilale juu yake pamoja na vingine. Wenye kutumia mukono wa kushoto nao wanashika hivyohivyo, maana mashini ilitengenezwa kwa upande ule. Kiwiliwili kisimame kidogo kushoto kwa ulimi, si nyuma yake sawasawa, kusudi ikiruka ipite pembeni ya bega. Usikate juu kupita mabega yako. Usipande ngazi nao. Mukono mumoja, hata kwa katawi kamoja, ni kukataa.

Mbele ya mushikio wa kwanza kuko ubao mudogo wa plastiki. Wengi wanafikiri ni wa kuchunga vidole na matawi tu. Hii ni freni: musumeno ukiruka, ubao unasukumwa mbele na munyororo unafungwa kwa sehemu ndogo ya segonde. Fundi anaujaribu kila asubuhi mbele ya kazi. Siku freni haifungi, hakuna kukata, hata kama wapishi wanalia juu ya kuni.

Wanafunzi 2 walituuliza juu ya nguo. Kuko mapantalo ya kazi hii, yenye nyuzi ndani zinazoingia katika munyororo na kuusimamisha. Katika inchi yetu ni watu wachache wanaoyapata. Tena tukumbuke ya kama zile nyuzi zinasimamisha ule wa esanse vizuri kupita ule wa umeme, kwa sababu motere ya umeme inaendelea kuvuta na nguvu hata ikipunguzwa mwendo. Mutu asivae pantalo ile na kufikiri amevaa chuma. Kaske, malineti, viatu vigumu, nguo isiyoninginia, nywele zilizofungwa: hivi vyote fundi anavyo, na kuviazima si ruhusa.

WAYA NA UMEME

Hapa ndipo musumeno wa umeme uko na hatari moja zaidi kupita ndugu yake.

Mashini imeandikwa wati 2.000, na umeme wetu ni volti 220. Gawanya, utapata karibu ampere 9. Fizible ya atelie ni ya ampere 16. Watu wengi wanafikiri fizible inachunga mutu. Hapana, inachunga waya na nyumba. Tuseme mutu mwenye mikono yenye maji amegusa waya wazi, na mwili wake unazuia umeme kwa kiasi cha ohm 2.000. Katika mwili wake inapita 220 kugawanya na 2.000, ndiyo 0,11 ampere. Kwa fizible ya 16 hiyo ni kama bure, haitaona kitu. Lakini kwa mutu, karibu 0,01 inatosha kufunga nyama za mukono hata ashindwe kuachia, na kuanzia karibu 0,03 moyo na pumuzi viko katika hatari. Kwa hiyo yule mutu anaweza kufa na fizible ikiwa nzima, na mataa ya atelie yakiwaka vizuri.

Kinachochunga mutu ni kile kisanduku ambacho elektrisie alikifunga mwaka huu karibu na mulango, chenye kuandikwa 30 mA. Kisanduku kile kinahesabu umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Kama 0,03 ampere haikurudi kwa njia yake, maana yake imepitia pengine, labda katika mutu, na palepale kinakata. Kuko butoni ndogo ya kukijaribu. Yule anayeona kinakatakata na kusema « tukiruke tu, kinatusumbua », afazali aulize kwanza umeme unapotelea wapi.

Tuseme na juu ya ralonji. Tulipiga hesabu pamoja na mwalimu wa fizike. Ralonji ya metre 50 iko na metre 100 ya shaba, kwenda na kurudi. Kama waya ni wa milimetre-kare 1,5, unazuia karibu ohm 1,17. Zidisha kwa ampere 9, tunapoteza volti 10 na nusu, si mbaya. Lakini ule waya mwembamba wa taa, wa 0,75, ambao watu wanapenda juu ya bei yake, unazuia mara mbili: tunapoteza volti 21, na wati karibu 190 zinageuka kuwa moto ndani ya waya. Ni kama kuwasha balbu 3 za wati 60 ndani ya plastiki. Na ukiuacha umezungushwa kwenye kibao chake, ule moto haupati njia ya kutoka, plastiki inalainika, waya 2 zinagusana. Kwa hiyo ralonji inene, ifunguliwe yote hata kama muti uko karibu. Mashini nayo ikikosa volti inachoka, na mwenye kukata anaanza kuisukuma kwa nguvu. Kusukuma ni mwanzo wa mabaya mengi.

Waya unapita nyuma ya mwenye kukata, juu ya bega, usipite mbele. Mutu wa pili anauangalia, na hiyo ndiyo kazi yake yote. Kama munyororo umeugusa, hakuna kuokota waya: mutu wa pili anakimbia kwa prizi na kutoa fishi kwanza. Mvua ikianza, kazi imekwisha. Asubuhi yenye umande mwingi, kungojea jua.

Sasa fikirini jambo hili, maana ni la kwetu kabisa. Umeme unakatika katikati ya kazi, kama tunavyozoea. Mutu anatia musumeno juu ya shevale, anakwenda kunywa maji. Kama butoni ni nzima, hakuna neno, kwa sababu inajirudisha yenyewe kidole kikitoka. Lakini kuko watu wanaoifunga na kakamba ka mupira, wakisema kidole kinachoka. Umeme ukirudi, musumeno unaamuka peke yake juu ya shevale, pasipo mutu, na watoto wanaochezacheza pale hawakusikia kitu mbele. Kwa hiyo sheria ya atelie ni hizi mbili: hakuna kufunga butoni na kitu chochote, na umeme ukikatika, fishi inatoka kwanza, ndiyo watu waanze kulalamika.

Wengine wanauliza juu ya gurupu. Motere saa inaanza inavuta mara nyingi kupita zile ampere 9, basi kagurupu ka kVA 2 kanachoka palepale. Gurupu kubwa inaweza, lakini ikae inje, kwa sababu moshi wake unaua mutu pasipo harufu ya kumuonya. Na siku hizi kuko misumeno ya batri, haina waya kabisa. Hatari ya ralonji inaondoka, ile ya kuruka inabaki yote. Kwa hiyo ya batri, mbele ya kugusa munyororo unatoa batri; kwa yetu, unatoa fishi.

MUTI NAO UKO NA NGUVU YAKE

Musumeno wetu ni wa kukata kuni na magogo yaliyolala. Kuangusha muti uliosimama hapana: anayeangusha anapashwa kuwa na njia ya kukimbilia, na mutu aliyefungwa na waya hana njia.

Gogo lililolala nalo linaonekana limekufa, lakini angalia limekaa juu ya nini. Kama limeshikwa kwenye ncha zote mbili na katikati ni wazi, upande wa juu unabanwa na wa chini unavutwa. Ukikata toka juu mpaka chini, linafunga mudomo na kukamata ulimi. Basi unaanza juu, kama sehemu moja ya tatu, kisha unamaliza toka chini polepole. Kama limeshikwa upande mumoja tu na ncha nyingine iko hewani, ni kinyume: anza chini sehemu moja ya tatu, maliza juu. Ukikosea pale, gogo linapasuka kwa urefu na kipande kinakupiga. Na ulimi ukikamatwa usivute na nguvu wakati motere inazunguka. Toa fishi, weka kabari, ngoja lifunguke.

Zaidi ya yote tunaogopa muti ulioangushwa na upepo pamoja na mizizi yake, kama ile mikalitusi inayoanguka kila mwaka mvua kubwa zikianza. Mizizi inasimama kama ukuta, na chini kuko shimo. Shimo lile watoto wa primeri wanalipenda sana, wanaingia kujificha. Lakini kinachozuia ule ukuta usirudi ni uzito wa muti wenyewe. Saa gogo linakatwa karibu na mizizi, uzito unaondoka, na mizizi inaweza kusimama tena mara moja na kufunga shimo pamoja na aliye ndani. Mutu wa pili anapashwa kuangalia shimo mbele ya kila mukato, na si kuangalia tu: aingize kichwa, aite.

KUTUNZA MUNYORORO

Hapa tupite upesi. Munyororo mukali unatoa vipande. Ukitoa vumbi tu, umechoka, na mwenye kukata ataanza kuusukuma. Unanolewa na tupa ya muviringo, meno yote kwa hesabu moja. Vile vyuma vidogo vya mbele ya meno visinolewe ovyo, maana vikipungua sana jino linauma kupita kiasi na musumeno unaruka zaidi. Munyororo usilegee: uvute katikati na vidole, fishi ikiwa inje, urudi wenyewe mahali pake. Mafuta ni lazima. Mafuta machafu ya gari hapana, yamejaa vumbi la chuma na ni mabaya kwa ngozi. Mawese pia hapana: katika baridi yetu ya asubuhi yanaganda na kuziba katundu kadogo kanakopitisha mafuta, halafu munyororo unakauka na kuungua. Mawese yabaki kwa sombe.

NANI ANAKATA

Sheria za kazi za inchi yetu zinakataza kazi za hatari kwa mutu asiyefikisha miaka 18. Tunajua ya kama katika mwaka wa tano na wa sita wamoja wamepita 18, na wataleta hoja ile. Lakini miaka peke yake haifundishi mikono. Kwa sasa wanaokata ni fundi na musaidizi wake tu. Wanafunzi wanavuta matawi munyororo ukiwa umesimama, wanapanga kuni, na wawili wanazuia watu wasikaribie kupita metre 5. Anayetaka kuita fundi saa anakata asimuguse mugongo. Azunguke mpaka mbele, mahali anaweza kuonekana, angoje.

MUTU AKIUMIA

Kama ni umeme, usimushike. Toa fishi ao kata kwenye kisanduku, ndipo umuguse. Kama haiwezekani, musukume na mbao kavu, nawe usimame juu ya kitu kikavu. Kama hapumui, anza kusukuma katikati ya kifua na mikono 2, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, wakati mwingine anaita muganga.

Kama ni munyororo, kidonda chake si kama cha kisu. Hakuna mukato mumoja, nyama zimechanwa, na damu inatoka nyingi. Chukua kitambaa safi, finya juu ya kidonda na mikono yote, usifungue kila mara kuangalia. Kama damu ya muguu ao mukono haisimami hata ukifinya, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, kaza na kijiti, andika saa uliyofunga. Usitie udongo, wala kahawa, wala dawa ya meno. Dispansere iko na vitambaa safi, na tangu juma lililopita vingine vimewekwa katika kisanduku cheupe cha atelie, upande wa kushoto wa mulango, pasipo kufuli. Kisha kidonda kufungwa, mutu apelekwe kwa daktari siku ileile, hata akisema anajisikia vizuri, juu ya sindano ya tetanosi.